Hesabu Mbili Kabla ya Kubonyeza

Wenzangu mliobaki kwenye kile chumba chenye dirisha moja mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, na Rehema, aliyepokea kiti changu, amenipa daftari jipya ili nisipate kisingizio. Basi naandika. Nimekaa barazani kwangu Ganako, mahindi yanakauka kwenye turubai mbele yangu, na hakuna redio inayoniita. Mambo ya vyeo siandiki, maana nilikuwa na kimoja tu tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho: mtu wa redio. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, namna kazi hiyo ilivyonifanya mtunzi wa nyimbo bila kutarajia, na namna jina moja nililolitunga mwenyewe lilivyoninyamazisha miaka saba. Najua hilo la mwisho ndilo mnalolitaka. Mtavumilia mpaka nifike.

Kwa asiyetujua, kampuni yetu ya kutembeza watalii ina ofisi Karatu mjini, nyuma ya maduka ya vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuongea na madereva wetu wakiwa Ngorongoro, hasa wakishashuka kreta, lile shimo kubwa la wanyama. Simu za mkononi kule chini zinasumbua hata leo, na nilipoanza hazikuwepo kabisa. Kilichotuunganisha ni redio ya upepo: sanduku jeusi juu ya meza, betri la gari chini ya meza, kipaza sauti chenye kitufe ubavuni, na mnara wetu mdogo kule ukingoni uliopokea sauti kutoka shimoni na kuirusha mpaka mjini. Jambo moja kuhusu redio hii mlishike, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Redio si kama simu. Anayebonyeza kitufe anasikika, lakini yeye hasikii. Wakibonyeza wawili kwa pamoja hasikiki hata mmoja, na anayesikiliza anapata mlio wa kukwaruza tu.

Aliyenifundisha ni Mzee Akonaay, Mwiraqw mwenzangu, mtu mrefu mwenye koti la sufu alilolivaa jua liwake mvua inyeshe. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti akaniambia kazi yangu ni kusikiliza tu, nisiguse kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sketi niliyoazima kwa dada. Haukupita muda sauti ikasema kwamba magaidi watano wameshuka kreta na wengine wawili wako getini wanakuja. Nilisimama nikamuuliza Mzee Akonaay kama kituo cha polisi anakipigia yeye au nikimbie mimi. Alicheka mpaka akavua kofia. Ndipo akanieleza kwamba madereva wanaowaongoza watalii hujiita magaidi, kwa sababu ndivyo ulimi wetu ulivyolipokea lile neno la Kiingereza la mwongozaji, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuwasahihisha. Kwa wiki nzima madereva walikuwa wakifika ofisini wakiwa wameinua mikono juu mbele yangu.

Jioni ile niligeuza daftari la redio nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho: gaidi, neno moja, watu wawili. Huo ukawa utaratibu wangu. Mbele ya daftari niliandika kazi, yaani saa, namba ya gari na ujumbe. Nyuma niliandika maneno yaliyonichekesha au kunishangaza, mpaka pande hizo mbili zinakutana katikati na ni lazima kuomba daftari jipya. Andikeni kwa penseli. Paa la ofisi linavuja, na wino ukilowa hausomeki.

Somo la pili la Mzee Akonaay lilikuwa la kitufe. Alinikaririsha kama anafundisha sala: bonyeza, vuta pumzi, sema, achia, hesabu mbili. Niliuliza hizo mbili ni za nini, maana nilikuwa na haraka ya ujana. Alichukua kipaza sauti akanionyesha kwa kujifanya dereva.

"Mtu mwenye shida, binti yangu, hamalizi maneno kwa mara moja," alisema. "Anasema kidogo, anaachia kitufe ameze mate, ndiyo aseme lile lenyewe. Ukibonyeza haraka umemkata. Mpe mbili."

Nilizihesabu mbili hizo kwa miaka mingi, na mtaniruhusu nijisifu hapo kwa sababu mbele sitakuwa na la kujisifia. Gari liliponasa kwenye tope, mgeni alipopandwa na homa, dereva alipopotea kwenye ukungu wa ukingoni asijue ameelekea wapi, nilikaa kimya nikahesabu, na mara nyingi kweli lile lenyewe lilikuja baada ya kumeza mate.

Sasa nyimbo. Mimi si msanii wa kusomea. Sijawahi kuingia studio, na nyimbo zangu zimeimbwa kwenye sendofu za kuwaaga mabinti wanaoolewa, ubatizo na kipaimara, chini ya mahema ya kukodi, na watu waliocheza kwa nguvu zote hawakujua nani kazitunga. Waliojua waliniuliza maneno nayatoa wapi. Nayatoa kazini. Watu wa redio husema kwa kifupi kwa sababu betri lina mwisho, na mtu akibanwa aseme kwa kifupi husema vizuri bila kujua. Dereva mmoja aliwahi kunipa habari ya mvua kwa kusema tu kwamba barabara imekuja kwetu. Mimi ningehitaji aya nzima.

Baba yangu alikuwa msemaji wa slufay, yale maneno marefu ya baraka ya Wairaqw, ambayo mzee mmoja anasema mstari na waliokaa wote wanaitikia. Utotoni yalinichosha, nilikuwa nangoja tu nyama. Redioni niliyasikia upya. Mmoja anasema, ananyamaza, mwingine anaitikia, siku nzima. Na lililoitikiwa mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: unanipata? Nakupata. Redioni maana yake ni unanisikia, basi. Lakini Bi Mwanaidi, mwenye duka la vitenge mbele ya ofisi yetu, aliponiomba wimbo wa sendofu ya binti yake, nilikumbuka kwamba mtaani kumpata mtu ni jambo lingine. Nikatunga nikiwa zamu, kati ya gari namba mbili na gari namba sita:

Bwana harusi, unanipata?
Nakupata, nakupata.
Niko bondeni, niko mlimani, unanipata?
Nakupata, nakupata.
Sauti ikififia, meno yakitoka, unanipata?

Hapo ukumbi mzima ulitakiwa kujibu, na ulijibu, hata wapishi waliokuwa nje. Bwana harusi alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote kwa sababu binti alikuwa amemkazia macho. Tangu siku hiyo hapakuwa na harusi Karatu ambayo sikuitwa kutoa maneno, na madereva walianza kuniita Mama Karatu, kwa kuwa redioni jina langu lilikuwa Karatu tu.

Mzee Akonaay alipostaafu niliachiwa kiti, na pamoja na kiti nikaachiwa kazi ya majina. Hii vijana mnaipenda, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Redio ya garini inasikika kwa kila aliyemo. Dereva akitaja simba, wageni wote wanasimama na kamera, gari linakwenda, simba ameshaondoka, na mchana mzima watu wananuna. Wageni wa kizungu walikuwa wameshajua neno simba kabla hawajapanda ndege, na wageni wa hapahapa nchini Kiswahili ni chao. Kwa hiyo wanyama walihitaji majina ya kificho, na majina hayo yalihitaji kubadilishwa kila msimu, maana wageni wana masikio.

Sikuwahi kufurahia kazi nyingine kama hiyo. Simba nilimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu hulala anapotaka na wengine wanapita kwa adabu. Kiboko akawa Mwenyekiti: anakaa kutwa, anafungua mdomo, na hakuna kinachoendelea. Fisi wakawa Kamati ya Chakula. Chui akawa Shemeji, kwa sababu yuko juu, hashuki, na huwezi kumlazimisha. Mzee Akonaay alikuja ofisini kusikia orodha, akacheka, akauliza nguruwe mwitu kapewa cheo gani.

Lakini nililojivunia ni jina la faru. Faru wa kreta ni wachache na wana walinzi. Watu wanawasubiri tangu asubuhi, wanachelewa kutokea, wakitokea wanakaa mbali, na kila mtu anataka picha. Nilimwita Bibi Harusi. Madereva walilipenda jina hilo kuliko yote, na habari tamu kabisa redioni ikawa kusikia kwamba bibi harusi amelala, hanyanyuki. Faru aliyelala hakimbii. Hata aliye upande wa pili wa kreta ana muda wa kumfikia. Hakuna mtu, si meneja, si dereva, si mimi niliyekuwa naishi kwa maneno, aliyeona tatizo la jina hilo.

Msimu uleule walikuja mume na mke kutoka Singida, wametoka kufunga ndoa Jumamosi. Mke aliitwa Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mwenye hina mpya mikononi. Walipita ofisini siku moja kabla ya safari kukamilisha karatasi zao, na Neema akatugawia keki ya harusi yao aliyoibeba ndani ya kopo la siagi. Ofisi nzima tulimwita bibi harusi. Kwenye karatasi ya safari ya Paskali, dereva wa gari namba tano, niliandika kwa mkono wangu: wageni, bwana na bibi harusi. Majina yao sikuyaandika. Nilikuwa nimeshika keki kwa mkono mwingine.

Kesho yake, saa nne na dakika sita asubuhi, Paskali aliita. Daftari ninalo na naweza kuwaambia maneno yenyewe.

"Karatu, Karatu, Tano hapa. Bibi harusi amelala, hanyanyuki. Niko Lerai."

Akaachia kitufe. Alikuwa anameza mate. Nami sikuhesabu mbili, sikuhesabu hata moja. Nilibonyeza nikampa hongera, nikamwambia nimempata, kisha bila kuachia nikatangaza kwa magari yote kwamba bibi harusi amelala msitu wa Lerai, hanyanyuki, atakayewahi na awahi. Tulikuwa na magari saba kreta siku ile na faru hakuwa ameonekana kwa wiki mbili. Wote walibonyeza kwa pamoja. Huyu anauliza upande gani, yule anasema anakuja, mwingine anapiga vigelegele vya kiume ambavyo havina sifa. Redio ikakwaruza tu. Niliipunguza sauti kidogo, nikachukua kipande cha keki kilichobaki, nikala nikicheka peke yangu.

Chini ya kelele hizo Paskali alikuwa anabonyeza na kubonyeza. Neema alikuwa amedungwa na nyuki shingoni, gari likiwa limefunguliwa paa chini ya migunga, na mwili wake ulikuwa na mzio wa nyuki ambao hata yeye hakuujua. Alivimba, akaishiwa pumzi, akalala kwenye kiti cha nyuma. Mumewe alikuwa amemshika kichwa. Paskali hakukumbuka kificho, angekumbukaje, kwa siku mbili alikuwa akimwita jina hilo hilo tulilompa sisi. Aliomba msaada kwa jina la mteja wake na akasikia wenzake wanashangilia.

Dakika tisa zilipita. Aliyenisaidia ni Saitoti, dereva wetu kutoka Loliondo, ambaye siku zote aliendesha kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa na siku zote nilimgombeza. Alifika wa kwanza akitafuta faru, akamkuta Paskali amesimama barabarani anapunga shati. Sauti yake ilipata mwanya kati ya kelele.

"Karatu, wanyamazishe wote. Si faru. Ni mtu."

Kuanzia hapo nilifanya kazi nilivyofundishwa. Nilifunga njia ya redio kwa wote isipokuwa Tano na Saitoti, nikaongea na watu wa geti wawe tayari, nikapigia simu hospitali, nikahesabu mbili kila mara. Ndani ya gari la Saitoti kulikuwa na mgeni mmoja, mama mtu mzima mwenye mzio kama huo, anayetembea na sindano yake mkobani. Alimchoma Neema pajani. Wakapanda naye barabara ya kutokea kreta, na mchana alikuwa kitandani hospitali Karatu, amevimba, hasemi, lakini anapumua. Kesho yake asubuhi alihamishiwa Arusha.

Kisha kimya. Meneja wa wakati ule aliona habari za mgeni mgonjwa zisizungumzwe tena ofisini. Mjini watu walizungumza. Wengine walisema alifia Arusha, wengine kwamba alipona lakini akili haikurudi sawasawa. Paskali alimaliza mwezi, akaacha kazi, akaenda kuendeshea kambi ya watalii Engaresero, huko kando ya Ziwa Natron. Siku aliyokuja kuaga nilijifungia chooni mpaka niliposikia gari lake linaondoka. Niliamini kwamba hawezi kuniangalia, na mimi sikuweza kumwangalia yeye.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Namba ya Neema ilikuwa kwenye fomu, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimeikariri. Mara kadhaa nilibonyeza tarakimu zote kasoro ya mwisho. Maadamu sijauliza, kwangu alikuwa bado hai. Hiyo ndiyo sababu, na naiandika ilivyo ingawa hainipi heshima.

Majina ya kificho niliyafuta yote. Tukarudi kusema simba na faru, wageni wakanuna kidogo, wakazoea. Nyuma ya daftari sikuandika tena. Bi Mwanaidi alipokuja kuniomba wimbo wa binti yake wa pili nilimwambia koo linanisumbua, naye akanitazama kwa muda, akaniletea asali na ndimu. Koo langu lilikuwa zima. Nilichokuwa sikiwezi ni kuandika maneno bibi harusi. Jaribuni kutunga wimbo wa sendofu bila maneno hayo. Harusi nilizohudhuria miaka hiyo walipofika kwenye wimbo wangu, na waliuimba kila mara, niliondoka kwenda kuangalia kama wali umeiva.

Miaka saba ikapita hivyo. Nilifanya kazi yangu, nilihesabu mbili zangu, wakati mwingine nikahesabu nne, mpaka madereva wakalalamika kwamba Mama Karatu amekuwa mzito. Ilipobaki miezi miwili nistaafu aliletwa Rehema, binti mwenye vidole vyepesi na maswali mengi, nimfundishe. Wakati tunapanga madaftari ya zamani alikutana na ukurasa uliokunjwa pembe. Aliusoma, akauliza kwa nini kati ya saa nne na dakika sita na saa nne na dakika kumi na tano hakuna maandishi, kuna doa la mafuta tu. Lilikuwa la keki. Nilimweleza, mtu wa kwanza kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini nisimuulize Paskali. Nilimwambia ashike kazi yake.

Rehema hakushika kazi yake. Alimtumia Paskali ujumbe kupitia dereva wa kambi, na siku ya tatu simu yangu ikalia nikiwa nabadilisha maji ya betri. Sauti niliijua kabla hajataja jina.

"Mama Karatu, wanasema unauliza habari za mwalimu Neema," alisema Paskali. "Kwani ulikuwa hujui?"

Nilimuuliza kujua nini.

"Yupo. Anafundisha, ana watoto wawili. Kila Krismasi ananipigia, na kila Krismasi anauliza yule mama wa keki hajambo. Mimi namwambia hajambo."

Nilikaa juu ya betri kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Nililia, na katikati ya kulia nikakasirika. Miaka saba Paskali alikuwa na habari hiyo mfukoni, saa chache tu za barabara kutoka kwangu, akidhani nimeshaisikia. Nikamuuliza basi kwa nini alikimbilia Engaresero. Akanyamaza, nami nikahesabu mbili. Ndipo akasema alidhani nimemchukia, kwa kuwa yeye ndiye aliyesahau kificho akalitia doa jina zuri nililomtungia faru, na siku aliyokuja kuaga sikutokea. Mimi nilikuwa chooni nikimwogopa, na yeye nje alikuwa akiniogopa mimi.

Alisema pia jambo ambalo nimeliwaza sana tangu hapo, kwamba sindano ililetwa na yale magari yaliyokimbilia faru. Wenzake wangesikia ni mgonjwa, huenda wangengoja amri yangu, na Saitoti asingekimbia vile. Sikubali hesabu hiyo yote. Sikusikiliza, na dakika tisa hizo ni zangu. Lakini mwenyewe yupo, ana watoto wawili, na anaulizia keki. Nilikwenda nyumbani nikalala saa kumi na mbili jioni, nikaamka asubuhi nikiwa na njaa ambayo sijui niliiacha wapi.

Wiki yangu ya mwisho, siku ya Jumanne, nilikuwa mezani na Rehema amekaa pembeni anaandika. Asubuhi ile Paskali alikuwa amepita mjini bila kuniambia, akaomba Saitoti amtafutie gari jingine la kampuni, akashuka nalo kreta akiwa na wageni wake mwenyewe. Saa tatu na dakika arobaini redio ikaamka.

"Karatu, Karatu, Tano hapa."

Hatukuwa na dereva wa namba tano kwa muda mrefu, namba hiyo hakuna aliyeitaka. Nilibonyeza, nikavuta pumzi, nikasema nakupata Tano, nikaachia. Nikahesabu.

"Niko Lerai. Bibi harusi ameonekana. Amesimama, anatembea, anagombeza mtoto asitoke garini. Anaomba kipaza sauti."

 Rehema alikuwa ameacha kuandika. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya kimwalimu, iliyozoea kusikika mpaka dawati la nyuma, na haikusema salamu wala habari za siku nyingi. Paskali alikuwa amemfundisha njiani.

"Mama Karatu, unanipata?"

Niliweka kidole kwenye kitufe. Nilihesabu mbili, nikafika tatu, nikafika nne, na pumzi haikuja. Rehema alinishika bega. Nikabonyeza.

"Nakupata, mwanangu. Nakupata."

Nilipoachia, Saitoti akaitikia kutoka upande wa pili wa kreta, nakupata, kisha namba mbili, kisha namba sita, kisha wote kwa pamoja, hata wale vijana wasiojua hadithi lakini wanaoujua wimbo. Walibonyeza wote kwa mara moja na redio ikakwaruza vilevile, hakuna neno lililosikika. Rehema, ambaye nilimfundisha vizuri, alinyoosha mkono achukue kipaza sauti awanyamazishe. Nilikiweka mbali naye. Nikachukua penseli nikaandika mwenyewe mstari wangu wa mwisho, nao bado upo, mnaweza kwenda kuuangalia: saa tatu na dakika arobaini na tatu, njia imejaa, hakuna dharura.